Zombi Hali Watu, Huliwa na Watu

Nianze na ugomvi, salamu zitafuata baadaye. Ninagombana na vijana wenzangu tunaoandika hadithi za kutisha, na ninagombana pia na wakubwa zetu wanaosema kwamba hadithi za kutisha si fasihi. Makundi haya mawili hayapikiki chungu kimoja, lakini kuna jambo moja wanakubaliana bila kujua: kwamba hadithi ya kutisha ni damu, meno na makelele. Wa kwanza wanaipenda kwa sababu hiyo. Wa pili wanaidharau kwa sababu hiyo hiyo. Mimi nasema wote wamepotea njia, na shahidi wangu ni sinema moja kuukuu, isiyo na rangi, yenye urefu wa dakika 69 tu, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1943 kwa fedha za kubana. Jina lake ni I Walked with a Zombie, yaani "Nilitembea na Zombi".

Najua kuna mshikaji ameshaanza kucheka. "Sinema ya mwaka 1943? Hata babu alikuwa hajaoa!" Cheka tu, bwana. Ukimaliza kucheka niambie ni sinema gani ya mazombi uliyoitazama mwaka huu na ukaikumbuka wiki mbili baadaye. Risasi zimelia, vichwa vimepasuka, mji umeteketea, na kesho yake kijiweni umesahau hata jina la steringi. Hii ya kwangu niliitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na mpaka leo nikisikia upepo unapita kwenye majani makavu usiku, mwili unanisisimka.

Kofia kabla ya kichwa

Mtayarishaji wa sinema hii aliitwa Val Lewton. Alizaliwa Yalta mwaka 1904, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na kabla ya kujulikana kwenye sinema alikuwa mwandishi wa riwaya, mmoja wa wale wanaoandika haraka ili wale. Mwaka 1942 studio ya RKO ilimkabidhi kitengo kidogo cha kutengeneza sinema za kutisha. Studio ilikuwa na njaa ya fedha. Citizen Kane ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1941 na ambayo leo wasomi wanaipigia magoti, haikuwa imerudisha gharama zake. Wakubwa walitaka vitu vya bei poa vinavyouzika.

Basi Lewton akapewa masharti matatu. Kwanza, kila sinema isizidi dola 150,000, ambazo kwa Hollywood hata wakati ule zilikuwa hela za mboga. Pili, isizidi dakika 75. Tatu, na hili ndilo linalouma, jina la sinema litachaguliwa na wakubwa, kisha yeye atafute hadithi ya kuenea ndani ya jina hilo. Ni kama kupewa kofia ukaambiwa nenda katafute kichwa chake.

Jamani, sisi tungefanya nini? Tungekaa kijiweni tukalia. Tungesema ubepari unaua sanaa, halafu tungeandika upuuzi tupate mshiko wa kodi ya chumba. Lewton hakulia. Alikaa na waandishi wake, Curt Siodmak na Ardel Wray, na mwongozaji Jacques Tourneur, mzaliwa wa Paris, wakachukua mifupa ya riwaya ya Jane Eyre iliyoandikwa na Charlotte Brontë mwaka 1847, ile ya msichana mwajiriwa, bwana mkubwa na mke mgonjwa ndani ya nyumba. Mifupa hiyo wakaihamishia kwenye kisiwa cha kubuni huko Karibi, kinachoitwa Saint Sebastian. Hapo wakaivika nyama ya historia.

Hadithi yenyewe ni hii. Betsy, muuguzi kijana kutoka Kanada, anaajiriwa kwenda kumtunza Jessica, mke wa Paul Holland, mwenye shamba kubwa la miwa. Jessica anatembea, anakula akilishwa, anageuka ukimgusa, lakini ndani hamna mtu. Daktari anasema ni homa iliyomharibu uti wa mgongo. Watu wa kisiwani wanasema huyo ni zombi. Betsy anampenda bwana mwenye nyumba, na kwa sababu anampenda anataka amponyeshe mkewe. Dawa za hospitali zinaposhindwa, usiku mmoja anamshika Jessica mkono na kumpeleka kwa waganga, kupitia shamba la miwa. Hiyo ndiyo safari inayobeba jina la sinema.

Upepo katika miwa

Hebu tuitazame safari hiyo kama mafundi, siyo kama watazamaji. Wanawake wawili wanatembea usiku. Mmoja amevaa kanzu nyeupe ndefu na hasemi kitu. Mwingine ana kurunzi. Miwa imewapita urefu. Muziki umenyamaza. Kinachosikika ni upepo, majani yanayosuguana, na mlio wa kibuyu kilichotobolewa matundu na kutundikwa, upepo ukikipitia kinalia kama mtu anayeugulia mbali. Wanapita mzoga wa mnyama umening'inizwa mtini. Wanapita fuvu la kichwa lililozungushiwa duara ardhini. Halafu mwanga wa kurunzi unatua kwenye miguu ya mtu. Unapanda taratibu. Ni mtu mrefu, mweusi, kifua wazi, macho yametoka nje na hayapepesi. Jina lake Carrefour, na kwa Kifaransa neno hilo maana yake ni njia panda. Amesimama njia panda.

Nani anakufa hapo? Hakuna. Nani anang'atwa? Hakuna. Carrefour hawakimbizi wala hawagusi, na wao wanapita. Wale waliopewa vitambaa vya kumwonyesha mlinzi wapite, kimoja wamekipoteza njiani baada ya kunaswa na tawi, nasi watazamaji tumeona na Betsy hajui. Woga wote umetoka hapo: sisi tunajua, yeye hajui, na upepo unavuma.

Tena jua kwamba hawakupanda meli wala ndege kwenda Karibi. Shamba lile lilikuwa ndani ya studio, miwa imepandwa sakafuni, na upepo unaozungumziwa ulikuwa mashine. Giza lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Lilitisha, na lilificha kwamba hakukuwa na hela. Mpiga picha, J. Roy Hunt, alipeleka kivuli pale ambapo tajiri angepeleka jengo.

Nataka tuelewane hapa. Sisemi umaskini ni mzuri. Anayesema umaskini ni mzuri kwa msanii, mpe mwezi mmoja kwenye chumba changu. Ninachosema ni kwamba umaskini wa vifaa hauwezi kuwa sababu ya umaskini wa mawazo. Mwandishi wa hadithi hahitaji hata mashine ya upepo. Neno "upepo" ni bure. Neno "giza" ni bure. Halafu bado mtu anakuandikia ukurasa mzima wa utumbo uliomwagika, kwa sababu hakupata subira ya kuandika sentensi moja ya mlango uliokuwa umefungwa jana na leo uko wazi.

Sukari ndiyo mama wa zombi

Sasa nafika kwenye ugomvi wenyewe. Zombi ni nani?

Ukimuuliza kijana wa leo atakuambia: ni maiti iliyoambukizwa kirusi, inakula watu, ukiipiga risasi ya kichwa inaanguka. Huyo zombi ana umri mdogo sana. Alizaliwa mwaka 1968 karibu na mji wa Pittsburgh, Marekani, kwenye sinema ya George Romero, Night of the Living Dead, iliyotengenezwa kwa dola kama 114,000. Mle ndani neno zombi halitamkwi hata mara moja. Sigombani na Romero, mzee yule alikuwa na lake la kusema. Mtu mweusi anapambana na maiti usiku kucha, anasalimika, asubuhi anakuja kupigwa risasi na wawindaji wanaojiita waokoaji. Nagombana na wajukuu zake waliochukua meno wakaacha asubuhi ile.

Zombi mwenyewe, yule wa asili, hali mtu. Wataalamu wengi hulihusisha neno hilo na lugha za Kongo na Angola, walikotolewa watu wengi waliouzwa Saint-Domingue, koloni la Wafaransa la sukari na kahawa ambalo baada ya vita vya ukombozi vya 1791 hadi 1804 likawa taifa huru la Haiti. Kwenye mashamba yale mtu alifanyishwa kazi hadi kufa, na aliyekufa nafasi yake ilijazwa na mwingine aliyetoka melini. Kwa mtumwa wa namna hiyo, kifo kilikuwa na faraja moja: kwamba roho ingerudi kwao, Afrika. Sasa fikiria mtu huyo anaogopa nini. Haogopi kufa. Anaogopa kufa halafu asiende. Anaogopa kuamshwa kaburini, ashikishwe panga, aambiwe miwa bado haijaisha. Zombi ni mtumwa aliyenyimwa hata kaburi.

Na sisi wa pwani ya mashariki tusijifanye wageni wa habari hiyo. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, wa kumpatia watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Bahari nyingine, mashamba yale yale, mjeledi ule ule.

Mwaka 1929, wakati jeshi la Marekani limeikalia Haiti, kukaliwa kulikoanza 1915 na kuisha 1934, mwandishi William Seabrook alitoa kitabu kilichowapelekea Wamarekani habari za mazombi. Humo anasimulia habari za wafu waliosemekana kulimishwa miwa kwa ajili ya kampuni ya sukari. Mwaka 1932 ikatoka White Zombie, sinema nyingine ya pesa kidogo, ambamo Bela Lugosi ana kiwanda cha sukari kinachozungushwa na mazombi. Mmoja anaanguka ndani ya mtambo. Wenzake hawageuki hata kutazama. Wanaendelea kusukuma. Sijui kama kuna picha ya kazi ya kutisha kuliko hiyo.

I Walked with a Zombie inatoka kwenye ukoo huo. Kwenye ua wa nyumba ya akina Holland kuna sanamu ya mtakatifu mwenye mishale mwilini, maji yanamtiririka. Ni sanamu iliyokuwa mbele ya meli iliyowaleta watumwa kisiwani. Mzee mweusi anayeendesha gari la farasi anamweleza Betsy jinsi mababu zake walivyoletwa wamefungwa minyororo ndani ya meli hiyo. Betsy, kwa roho nyeupe kabisa, anamwambia angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee habishi. Anamjibu kwa adabu tu kwamba kama dada anaona hivyo, sawa. Mimi nimeishi na wazee wa namna hiyo. Ile "sawa" yao ina makaburi ndani yake.

Tena mle kisiwani mtoto akizaliwa watu wanalia, mtu akizikwa wanafurahi. Bwana Holland mwenyewe anaeleza kwa nini: kwa vizazi vingi maisha yalikuwa mzigo kwao. Hayo yote yamesemwa ndani ya sinema ambayo wakubwa wa studio walidhani ni ya kutisha watoto siku ya mapumziko. Na wewe unaniambia hadithi za kutisha si fasihi?

Msukule wetu na bibi mwenye macho mekundu

Tuje nyumbani, maana hapa ndipo mambo yanapoacha kuwa ya sinema.

Sisi zombi tunamjua tangu utotoni. Tunamwita msukule, wengine ndondocha. Husemwa kwamba mchawi humchukua mtu kimazingara, ndugu wakazika mgomba wakidhani wamezika mwili. Mwenyewe yuko hai, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analima shamba la mchawi. Sikiliza vizuri: anafanya kazi bila mshahara, hana sauti, chakula chake ni makapi, na kwao walishamlilia wakamaliza. Huyo si ndugu yake zombi wa Haiti? Hatukuhitaji kumwagiza mtu wa kirusi kutoka maabara ya Marekani. Tulikuwa naye wa kwetu, na alikuwa na maana.

Lakini tazama tunavyomwandika. Soma hadithi za misukule kwenye vitabu vyetu vya bei rahisi, tazama video zetu, soma magazeti ya udaku. Hadithi ni moja. Kuna familia nzuri, kuna kijana kafa, kuna mganga au mchungaji anafichua siri, na mchawi ni nani? Ni bibi kizee. Maskini, mjane, anakaa peke yake pembeni ya kijiji, macho mekundu. Mwisho nyumba yake inachomwa, tunapiga makofi, tamati.

Ndugu msomaji, hilo halitendeki kitabuni tu. Usukumani, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakachukuliwa kuwa ushahidi. Macho yale yanatokana na nini? Yanatokana na kupikia kuni na samadi maisha yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Yaani mama kalisha ukoo mzima miaka hamsini, na moshi wa kuwapikia ndio unakuja kumhukumu.

Sasa mimi na wewe tunaoandika tunafanya nini? Tunanoa panga. Usiniambie ni burudani tu. Ukimchora mchawi wa aina moja mara mia, msomaji akikutana na bibi wa sura hiyo njiani hatauliza swali. Jibu alishapewa na wewe kwa bei ya soda.

Wenye akili waulize swali ambalo hadithi zetu hazithubutu kuuliza: kama msukule analima usiku, mpunga anakula nani? Bibi yule hana hata debe moja la mpunga. Nyumba yake inavuja. Ana misukule kumi shambani halafu hana chumvi? Hesabu haikubali. Kama kweli kuna anayewalimisha watu bila malipo, mtafute kwenye ghala lililojaa.

Ndicho ilichofanya sinema ile. Lewton na wenzake wangeweza kirahisi kabisa kumtupia lawama mganga mweusi porini. Mwaka 1943 hakuna mtu Marekani angewauliza. Lakini swali la nani alimfanya Jessica awe zombi linapojibiwa, anayesimama kukiri ni Bi. Rand, mama mzazi wa wenye shamba, mzungu, mke wa mmisionari aliyefariki, mwenye zahanati. Ndiye aliyekuwa akijificha kwenye nyumba ya ibada na kusema kwa sauti ya miungu ili watu wafuate ushauri wa usafi na dawa. Siku mwanawe mmoja alipotaka kumtorosha mke wa mwingine, akaomba kwa miungu hiyo hiyo Jessica awe maiti inayotembea. Ni kweli kweli au ni homa tu na dhamira inayomsuta? Sinema haikuambii. Daktari ana maelezo yake, ngoma ina maelezo yake, nawe unabaki katikati. Ila jambo moja haliachi shaka: uovu haukutoka vibandani kwa wafanyakazi. Ulitoka kwenye nyumba kubwa, kwenye ua wenye sanamu ya meli ya watumwa.

Hiyo inaitwa kuchagua. Hawakuwa na hela ya kusafiri, walikuwa na uwezo wa kuchagua mkosaji. Na sisi tunao.

Aliyesimama njia panda

Sijasema sinema hii ni msahafu. Ina kosa, na kosa lake ni kazi tuliyoachiwa sisi. Zombi anayeliliwa ni Jessica, mwanamke mweupe mwenye kanzu nzuri. Ana mume, ana shemeji anayempenda mpaka kufa naye, ana muuguzi, ana chumba chake mnarani. Carrefour je? Ameigizwa na Darby Jones, mwigizaji mweusi, na hana neno hata moja. Hatuambiwi alikuwa nani kabla. Hatuambiwi mama yake yuko wapi. Anasimama njia panda, analinda, anatumwa usiku kwenda nyumba kubwa, anafuata baharini, basi. Shamba zima la miwa linategemea watu kama yeye, na kamera inampa macho tu.

Mimi namfahamu Carrefour. Tangu nimalize kidato cha nne nimefanya kazi za kulinda usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mbele ya geti la watu wasiojua jina langu. Wananiita "mlinzi". Gari likipiga honi nafungua. Kampuni moja, siitaji, ilinikalia mshahara wa miezi miwili, na nilipokwenda kuudai nikaambiwa niandike barua. Niliandika vizuri sana, Kiswahili safi, aya nne. Barua haikujibiwa. Sisemi haya ili unionee huruma, hapa mjini tuko wengi. Nasema ili ujue kwa nini nikiona mtu mrefu amesimama kimya gizani, analinda kitu kisicho chake, sioni jini. Namwona mwenzangu, na ninataka kujua hadithi yake.

Riwaya ninayoiandika ni ya mtu huyo. Mchapishaji mmoja, naye simtaji, aliusoma mswada akasema mambo mawili ndani ya dakika tano. Kwanza, kwamba mazimwi ni hadithi za watoto, niandike kitu kinachoweza kuingia shuleni. Pili, kwamba kama nang'ang'ania mazimwi, basi niongeze damu na mapenzi ili kiuzike mtaani. Yaani kiwe cha shule au kiwe cha buchani. Hakuona kwamba katikati ya shule na bucha kuna barabara ndefu, na watu wengi wanatembea humo usiku.

Kwa mabingwa wa pande zote mbili

Kwa wakubwa zangu walimu wa fasihi, shikamooni. Mnatufundisha kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Vizuri. Lakini kioo hakichagui cha kuonyesha. Jamii yetu inaamini misukule, inaua vikongwe, inaajiri walinzi wasiolala, na inazika watu bila kujua walikufa kwa nini. Mkisema hadithi inayogusa hayo si fasihi mpaka iandikwe kwa lugha ya mjadala wa bunge, basi kioo chenu kina kitambaa. Hadithi ya kutisha ndiyo mahali pekee ambapo maskini anaweza kusema jambo hili bila kuitwa mchochezi: kwamba kuna watu wanafanyiwa kazi na wafu, na wafu hao wana majina.

Kwa washkaji zangu waandishi, nina maneno makavu. Acheni virusi. Acheni maabara ambazo hamjawahi kuingia na bunduki ambazo hamjui hata zinavyoshikwa. Hamwezi kumshinda Mmarekani kwa milipuko, ana milipuko mingi kuliko sisi tulivyo na wino. Mshindeni kwa mnachokijua. Mnajua mlio wa bati usiku wa masika. Mnajua kimya cha mtaa umeme unapokatika na jenereta ya mwenye nyumba peke yake inanguruma. Mnajua njia ya makaburini unapotoka kazini na daladala zimekwisha. Andikeni hivyo, taratibu, bila kukimbilia maiti. Mwacheni msomaji amtangulie mhusika wenu kujua kwamba kitambaa kimedondoka.

Na mkimwandika msukule, mpeni jina. Mpeni mama. Mpeni kazi aliyokuwa akiifanya kabla, na wimbo aliokuwa akiupenda, na deni alilokuwa hajalipa dukani. Kisha mwonyesheni nani anavuna alicholima. Mkikuta anayevuna ni kikongwe asiye na chumvi, rudini mwanzo, hamjachunguza.

Msinijibu kwamba wasomaji wanataka damu tu. Studio ya RKO ilidhani hivyo pia. Kabla ya hii, Lewton na Tourneur walitengeneza Cat People, mwaka 1942, sinema ya kutisha ambamo mnyama haonekani karibu muda wote, ni kivuli na mlio tu kwenye bwawa la kuogelea. Watu walijaa kumbi, na studio ikapata faida kubwa kwa hela kidogo. Watazamaji wale hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wametoka kazini, wamechoka, kama wa kwetu. Anayesema watu wa mtaani hawaelewi kivuli, hajawahi kukaa na bibi akisimulia hadithi umeme umekatika.

Lewton alifariki mwaka 1951 akiwa na miaka 46, moyo umemchoka. Majina ya sinema zake yalichaguliwa na wengine, hela ilipimwa na wengine. Kilichokuwa chake ni kilichokuwa ndani, nacho bado kinafanya kazi.

Nimesema yangu. Anayebisha aandike, kurasa za jarida hili ziko wazi na mimi nasoma kila kinachotumwa. Ila aje na hoja, na aje na hadithi yake mkononi tuipime: nani analima, nani anakula, na yule bibi mwenye macho mekundu amemweka wapi.